Uvivu na maradhi si kitu kimoja

KATIKA ofisi, viwanda na shule nyingi za nchi hii yupo mfanyakazi ambaye wenzake wamekwisha kumpa jina. Huitwa mvivu, mzembe, au mtu asiyejali. Majalada humpotea mikononi, barua aliyopewa kuijibu Jumatatu huikumbuka Ijumaa, mkutano huusahau, na kazi tatu alizozianza kwa bidii hubaki nusu nusu. Huonywa kwa mdomo, kisha kwa maandishi, na mwisho huachishwa kazi.

Baadhi ya watu hao ni wazembe kweli, na uzembe hauna budi kupigwa vita popote ulipo. Lakini miongoni mwao wamo pia wagonjwa. Kumwadhibu mgonjwa kwa kosa la mzembe ni dhuluma, tena ni dhuluma isiyoongeza tija hata kidogo, kwani adhabu haijapata kuwa dawa ya maradhi.

Maradhi yanayohusika hapa ni upungufu wa umakini. Yanahusu jinsi ubongo unavyoongoza usikivu, subira na mpangilio wa mambo. Mwenye maradhi haya hashindwi kujua la kufanya. Hushindwa kulifanya kwa wakati wake na kulifikisha mwisho. Wengine huongezewa mhangaiko: hawatulii kitini, hudakia maneno ya wenzao, na huamua kabla ya kufikiri. Makadirio ya wataalamu ni kwamba kiasi cha watu wazima 25 katika kila 1,000 duniani wanaishi na hali hii. Kwa kiwanda chenye wafanyakazi 400, hesabu hiyo ina maana ya watu wapatao kumi.

Wapo wanaodai kwamba haya ni maradhi mapya, yaliyoletwa na simu za mkononi na pilikapilika za mijini. Dai hilo halina msingi. Daktari Alexander Crichton wa Uskoti aliyaeleza matatizo ya aina hii katika kitabu chake cha mwaka 1798, na mwaka 1902 Daktari George Still aliwahutubia madaktari wenzake mjini London juu ya watoto waliokuwa na akili timamu lakini wakishindwa kabisa kujizuia. Mwaka 1798 hapakuwa na simu ya kulaumiwa. Simu yaweza kumzidishia mtu mtawanyiko wa mawazo, lakini chanzo kikubwa cha maradhi haya ni urithi. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya mtu na mtu katika jambo hili, takriban asilimia 74, hutokana na jeni. Kwa hiyo mzazi anayemleta mwanawe kwa daktari mara nyingine hugundua kwamba hata yeye mwenyewe ameishi na hali hiyo hiyo miaka arobaini.

Wapo pia wanaoamini kwamba haya ni maradhi ya watoto, na kwamba mtoto akikua huyaacha kama anavyoacha nguo zilizombana. Hata madaktari waliwahi kuamini hivyo. Orodha ya maradhi ya akili iliyotolewa Marekani mwaka 1968 iliyataja kuwa ni hali ya utotoni inayopungua katika ujana. Lakini mwaka 1976 Paul Wender na wenzake wa Utah walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wapo watu wazima ambao hawajayaacha, na tangu hapo ushahidi umezidi kujikusanya. Kinachobadilika ni sura tu. Mtoto aliyekuwa akirukaruka darasani huwa mtu mzima aliyetulia kitini, huku moyoni akichemka. Wasichana wengi, kwa kuwa hawakuwa watundu bali walikaa kimya wakiwaza mengine, hawakutambuliwa kabisa shuleni, na leo ni akina mama wanaojilaumu kwa kushindwa kupanga mambo ambayo wenzao huyapanga bila taabu.

Hoja inayosikika zaidi ni ile ya msimamizi wa kazi anayesema: “Mbona mpira wa Simba na Yanga huutazama dakika tisini bila kupepesa macho? Huyu hataki kazi tu!” Hoja hii huonekana kuwa nzito, lakini inakosea. Jambo linalosisimua na kuleta matokeo papo hapo hujivutia usikivu lenyewe. Taabu ya mgonjwa iko katika jambo lisilosisimua, lenye malipo ya mbali, ambalo mtu hana budi kujilazimisha kulifanya. Katika ubongo wake, mifumo inayotumia kemikali ya dopamini kuamsha hamu na kuidumisha haifanyi kazi sawasawa na ya wengine. Na haifuati kwamba ana upungufu wa akili, kwani maradhi haya huwapata wenye akili nyingi na wenye akili za wastani vile vile.

Wengine husema haya ni maradhi ya Wazungu. Jawabu moja linapatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2008 watafiti walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanaume wa Kiariaal, wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Waliangalia aina moja ya jeni iitwayo DRD4, ambayo imehusishwa na upungufu wa umakini. Wenye aina hiyo walikuwa na afya bora ya mwili kuliko wenzao pale walipoishi maisha ya kuhamahama, na afya duni zaidi pale walipokuwa wamehamia kwenye makazi ya kudumu. Uchunguzi huo haukupima maradhi yenyewe, wala haukuthibitisha kwamba wafugaji ni wagonjwa. Lakini unafundisha kwamba maumbile yale yale yanaweza kuwa faida porini na mzigo mahali pengine. Anayeshindwa masjala si lazima ashindwe kila mahali.

Pamoja na hayo, pawepo tahadhari. Si kila asahauye ni mgonjwa. Kukosa usingizi, sonona, wasiwasi, pombe na maradhi ya tezi la shingoni huleta dalili zinazofanana. Ndiyo sababu vigezo vilivyotolewa mwaka 2013 vinataka mtu mzima awe na dalili zisizopungua tano kati ya tisa za kukosa umakini, au tano kati ya tisa za mhangaiko, zilizodumu miezi sita au zaidi. Baadhi ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12. Zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano kazini na nyumbani. Na ziwe zinamharibia maisha. Aliyeanza kusahau mwaka jana baada ya kupandishwa cheo hana maradhi haya. Wala mtu asijipime mwenyewe, na asijitibu kwa mirungi, ambayo ni haramu kwa sheria za nchi na huleta madhara yake yenyewe.

Tiba ipo. Zipo dawa kama methilifenideti, iliyotengenezwa mara ya kwanza mwaka 1944, ambazo hutolewa kwa uangalizi wa daktari baada ya kupima moyo na shinikizo la damu. Yapo pia mafunzo ya kumsaidia mgonjwa kupanga siku yake. Faida yake si ya mgonjwa peke yake. Mwaka 2012 watafiti wa Uswidi walichapisha matokeo kuhusu wagonjwa 25,656, wakilinganisha vipindi walipokuwa wakitumia dawa na vipindi walipokuwa hawatumii. Katika vipindi vya dawa makosa ya jinai yalipungua kwa asilimia 32 kwa wanaume na 41 kwa wanawake. Hii haina maana kwamba wagonjwa hawa ni wahalifu, kwani walio wengi ni raia wema. Maana yake ni kwamba jamii inayowatibu hujiepusha na hasara.

Sheria ya nchi nayo haiko kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, na inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Kanuni za Utendaji Bora zilizotangazwa mwaka 2007 zinamtaka achunguze kwanza chanzo cha utendaji duni, na ampe mwajiriwa maelekezo na muda wa kujirekebisha. Msimamizi anayerukia barua ya onyo bila kuuliza lolote amekiuka kanuni hizo hata kama hajui maana ya upungufu wa umakini.

Kwa hiyo wajibu umegawanyika. Mwajiri aulize kabla ya kuhukumu. Maelekezo yaandikwe badala ya kusemwa tu, kazi kubwa igawanywe vipande vyenye tarehe zake, na mahali pa kufanyia kazi pawe na utulivu. Haya hayagharimu fedha nyingi, na humfaa hata asiye mgonjwa. Wizara ya Afya haina budi kuhakikisha kwamba elimu ya maradhi haya inawafikia waganga wa wilayani, kwani mgonjwa wa Tunduru au Kibondo hawezi kutazamiwa asafiri hadi Mirembe, Dodoma, au Muhimbili ili aulizwe maswali ambayo mganga wa karibu angeweza kuyaanza.

Naye mgonjwa ana wajibu wake. Kujua jina la maradhi si ruhusa ya kuacha kazi ijifanye yenyewe. Ni mwanzo wa kutafuta njia ya kuifanya. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Taifa linalohitaji nguvu ya kila mtu wake haliwezi kumudu kuwatupa wafanyakazi wanaotibika, kwa sababu tu wakubwa wao hawakutaka kutofautisha uvivu na maradhi.