Risala ya Wakulima wa Usoke Kuhusu Presha, Mishipa na Rangi ya Kijani



Ndugu Mgeni Rasmi, umezoea kusomewa hapa risala za mbolea iliyochelewa na malipo ya tumbaku. Hayo yapo, yatasomwa siku yake. Leo tumekuja na habari ya miili yetu. Tulioandika karatasi hii ni wanawake na wanaume wa miaka 40 hadi 60, wengi wakulima, wengine wenye vibanda pale stesheni, walimu wawili na fundi baiskeli mmoja. Tulikaa jioni tatu. Jioni ya kwanza tulidhani tunaandika kuhusu uhaba wa dawa tu.

Naomba kuanza na mimi ninayesoma. Nina miaka 43. Mwaka jana nilimsindikiza mama mkwe kwenye kituo kimoja cha tiba, na muuguzi akasema na mimi nikae nipimwe presha. Mashine haikuwaka. Akafungua rimoti ya televisheni ya ukumbini, akatoa betri mbili, akazihamishia. Ikasoma 152 juu, 94 chini. Akaniuliza, "Unavuta sigara?" Nikasema sivuti. Akachukua chati yenye vyumba vya rangi, akatembeza kidole: mwanamke, havuti, umri huu, unene huu, presha hii. Kidole kikatua kwenye kijani. "Uko salama, mama." Nikaenda zangu. Sikupewa kidonge, wala ushauri wa chumvi, wala tarehe ya kurudi.

Sigara sivuti, lakini tumbaku nimeilima tangu nikiwa binti. Nachuma majani yakiwa na umande, na wachumaji wenzangu hapa wanakijua kile kichefuchefu na kizunguzungu cha saa nne asubuhi, nikotini ikishapenya ngozi. Msimu wa kukausha nalala karibu na bani, nachochea kuni usiku kucha. Chati haina chumba cha moshi wa bani.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatukuja kuitukana ile chati. Imetoka Shirika la Afya Duniani mwaka 2019, ukanda wetu wa Afrika Mashariki una ya kwake, na ipo isiyohitaji maabara, jambo la heri kwa mahali kama hapa. Kijani maana yake ni kwamba kati ya watu 100 wanaofanana nami, hawafiki 5 watakaopata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Hilo ndilo swali linalojibiwa. Kinachoendelea leo ndani ya mishipa yangu, chati haikuulizwa. Na kwa kuwa kinachobeba uzito mkubwa katika hesabu hiyo ni umri, mtu wa miaka 43 karibu kila mara ataangukia kwenye rangi nzuri, hata kama mishipa imeshaanza kuumia.

Mkulima wa tumbaku haelezwi habari ya daraja mara mbili. Siku ya soko mteuzi haamini majani ya juu ya robota. Anaingiza mkono mpaka katikati, anavuta jani, analinusa, analikunja, kwa sababu robota linaweza kung'aa nje na moyoni limeshaanza kuvunda. Sisi tumepewa daraja kwa kuangaliwa juu.

Walioingiza mkono katikati wapo. Huko Madrid, Hispania, wafanyakazi wa benki zaidi ya 4,000 wa miaka 40 hadi 54, watu waliojiona wazima, walipigwa picha za mishipa ya shingo, ya tumbo, ya mapaja na ya moyo. Majibu yalichapishwa 2015: 63 kati ya kila 100 walikuwa na mishipa iliyoanza kuziba au kuweka chokaa. Tulipoendelea kusoma ndipo tulipochoka kabisa. Hata miongoni mwa wale ambao hesabu ya hatari iliwaita wa hatari ndogo, zaidi ya nusu walikutwa nayo. Ni watu wa mezani na wa viyoyozi, hatudai kwamba miili yetu ni sawa na yao. Tunachosema ni kwamba sisi hatujapimwa hata kwa namna hiyo.

Madhara hayo huingia bila maumivu. Presha ikisukuma kwa nguvu kila siku, utando laini wa ndani ya mshipa huchubuka, lehemu inajipenyeza, mshipa unavimba kwa ndani na kukakamaa. Fundi baiskeli wetu alisema tyubu ya gurudumu haipasuki pale ulipokanyaga mwiba leo, inapasuka pale ilipochakaa zamani kwenye ringi, mahali usipopaona. Wauguzi tuliowasimulia walicheka, lakini hawakumsahihisha.

Sasa malalamiko yenyewe. Tangu 2021 mwongozo wa Shirika hilohilo la Afya Duniani unasema presha ikithibitika kuwa 140 kwa 90 au zaidi, mgonjwa aanzishiwe dawa; haisubiriwi rangi. Mimi nilikuwa 152 kwa 94. Nilichostahili ni kurudi kupimwa siku nyingine, na ikisimama hapohapo, kutibiwa. Kijani kilitumika kunifungulia mlango wa kutokea. Hatumlaumu yule dada. Alifundishwa kusoma chati, hakufundishwa mwisho wake uko wapi, na siku ile alikuwa peke yake na foleni imefika kwenye ngazi.

Lalamiko la pili ni la kuhesabiwa. Hesabu za hatari zilianzia Framingham, mji mdogo wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1948, kwa kufuatilia wakazi 5,209. Mji mdogo kama huu wetu, mwalimu mmoja alisisitiza tuliandike hilo. Kwetu Tanzania kiharusi kiliwahi kufuatiliwa kwa makini kati ya 2003 na 2006, wilayani Hai na Dar es Salaam. Ukisawazisha umri, Hai walipatikana kama 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam 316. Mara tatu, ndani ya nchi moja! Usoke iko upande gani? Hapa mtu anaamka mkono umelegea, mdomo umekwenda upande, majirani wanasema ametupiwa kitu. Anazungushwa kwa waganga wiki mbili, anazikwa, na daftari la kijiji linaandika "ameugua ghafla". Kati yetu tulioandika risala hii, saba tumemzika mzazi au ndugu namna hiyo.

Chumvi tuliijadili jioni nzima ya pili. Chumvi ya Uvinza ilipita njia hii mabegani mwa babu zetu wakati misafara ikienda na kurudi kati ya Ujiji na Unyanyembe, na ilikuwa mali, ilipimwa kwa kiganja. Leo ni ya bei ya chini kuliko kitu chochote jikoni, na sisi tunaimwaga kwenye mlenda kama bado tunaonyesha kwamba tunayo. Hilo ni letu, hatuipelekei Serikali.

Yanayohusu Serikali ni haya. Kila mtu mzima anayeingia zahanati, hata kama amemleta mtoto wa surua, apimwe presha, kwa mashine inayofanya kazi na yenye kitambaa kinachoenea mkono wa mkulima. Kitambaa kidogo hupandisha namba na kumtisha mtu bure. Apewe namba zake kwenye karatasi yake mwenyewe. Chati itumike, ila aliye kijani mwenye presha asifukuzwe, na aliye kijani asiye na presha aambiwe kwamba rangi hiyo ni ya leo na arudi kupimwa mwakani. Sukari ipimwe pamoja. Dawa za presha, amlodipini na wenzake, zisiishe kwenye rafu. Tumelipa bima kwa ajili ya kaya zetu, halafu tunaandikiwa kikaratasi cha kwenda duka la dawa, na mtu wa presha akikosa vidonge mwezi mmoja anaamini amepona. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023; tunaomba kuelezwa kwa lugha nyepesi itatufikiaje.

Hatuombi mashine kubwa ya kupiga picha moyo. Tungeiomba ingekuwa mapambo. Ila ultrasaundi ya wajawazito, ikiongezewa kichwa cha kupimia mishipa na mtu aliyefunzwa, inaweza kuangalia mishipa ya shingo. Tunaomba watu wetu mia chache wa makamo waangaliwe hivyo mara moja, wavunao na wakaushao tumbaku wakiwemo, na majina yao yatunzwe ili wafuatiliwe miaka ijayo. Gharama zianzie kwenye ushuru unaokatwa kila msimu kwenye tumbaku yetu. Na diwani atujibu kwa maandishi kabla masoko hayajafunguliwa, maana yakishafunguliwa hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Mimi nilirudi kupimwa baada ya miezi mitano, kwa nauli yangu, mahali pengine. Ilikuwa 160 kwa 98. Sasa nakunywa dawa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumechanga tukanunua mashine moja ya presha. Iko pale kwenye meza chini ya mwembe, betri zake ni mpya, na muuguzi amekubali kukaa mpaka saa kumi. Tunakuomba uwe wa kwanza kukunja mkono wa shati.