Kujitegemea Si Kuisamehe Serikali

Kuna msemo ambao umeenea sana miongoni mwa watu wema wa nchi hii. Tunausikia nje ya kanisa baada ya ibada, tunausikia ndani ya matatu, na tunausikia hata vinywani mwa wenzetu waliopigania mageuzi kwa miaka mingi: "Tuachane na serikali, tujifanyie mambo yetu." Wanaousema si wavivu. Ni vijana waliojaza mashimo barabarani kwa changarawe waliyoinunua wenyewe, baada ya kuahidiwa lami katika kila uchaguzi. Ni akina mama wa chama waliochanga wakanunua tangi la maji kwa sababu mfereji wa umma hutoa hewa. Ni waumini wanaopitisha kikapu cha pili siku ya Jumapili ili kumlipia mgonjwa gharama za hospitali, ilhali mgonjwa huyo huyo amekuwa akikatwa pesa za bima ya afya kila mwezi.

Watu hawa tunawaheshimu, wala hatuandiki ili kuwavunja moyo. Twaandika kwa sababu msemo wao una sehemu mbili, na sehemu moja ni dawa ilhali ya pili ni sumu. Kujifanyia mambo yetu ndiko chemchemi ya uhuru. Kuachana na serikali ndiko kunakoombewa usiku na mchana na kila mtawala asiyependa kuulizwa maswali.

Wahenga walituonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Ni kweli, lakini hazina ya taifa si mali ya ndugu. Mama anayenunua kipande cha sabuni dukani hulipa ushuru wa VAT wa asilimia 16, awe anajua au hajui. Abiria anayelipa nauli hulipa, ndani ya nauli hiyo, ushuru wa mafuta ulioongezwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwezi Julai 2023. Kwa hiyo kijiji kinapochanga kujenga daraja ambalo tayari lilikuwa limelipiwa, kijiji hicho kimelilipia mara mbili, na malipo ya kwanza yamo mfukoni mwa mtu fulani. Tukinyamaza kwa kuwa daraja letu limekamilika, tumemwandikia mtu huyo barua ya msamaha bila yeye kuiomba.

Tena yapo mambo ambayo hakuna chama wala parokia inayoweza kujifanyia. Hatuwezi kujichangia mahakama isiyopokea hongo, wala polisi wanaomheshimu raia. Hata matibabu, ambayo tumezoea kuyachangia kwa simu, yanatufunza jambo la kusikitisha. Mgonjwa mwenye jamaa wengi wenye mishahara hupata fedha jioni moja. Mgonjwa ambaye jamaa zake wote ni vibarua husubiri, na wengine hufa wakisubiri. Tajiri naye amekwisha kujitegemea kwa njia yake: ana kisima chake, jenereta yake, mlinzi wake na shule ya watoto wake. Kujitegemea kwa namna hiyo, kila mtu nyuma ya ukuta wake, hakumfai mnyonge. Ni nchi iliyovunjwa vipande, na maskini ndiye aliyebaki nje ya kila kipande.

Historia yetu wenyewe inatuonyesha njia iliyo bora. Katika miaka ya 1930 wazazi wa Kikuyu walianzisha shule zao huru, walipochoshwa na elimu iliyogawiwa kwa masharti ya wamisheni na serikali ya kikoloni. Huko Nyanza, katika miaka ya 1940, Jaramogi Oginga Odinga na wenzake waliunda shirika la akiba na biashara la Luo Thrift, wakijenga kwa senti za watu wa kawaida. Hawa wote walijitegemea, lakini hawakuachana na serikali. Walijifunza kwanza kuendesha mambo yao, kisha wakaidai nchi yao. Mkoloni alilifahamu jambo hilo vizuri kuliko tunavyolifahamu sisi leo, na ndiyo sababu alizifunga shule huru baada ya kutangaza hali ya hatari mwaka 1952. Mtawala dhalimu hafungi shule isiyomtisha.

Uhuru ulipopatikana tuliitwa katika harambee, na watu waliitika. Katika miaka ya 1970 shule za upili za harambee zilikuwa nyingi kuliko zile za serikali. Wananchi walichangia vyuo vya ufundi, kama Ramogi huko Kisumu, Kimathi huko Nyeri na WECO huko Kakamega. Kisha harambee ikatekwa nyara. Mgeni wa heshima akawa mkubwa kuliko kazi iliyomleta. Mwanasiasa alikuja na bunda la noti ambazo hakuna aliyethubutu kuuliza zilikotoka, huku machifu wakiwatoza wanakijiji kwa lazima. Kile kilichokuwa jasho la wananchi kikageuzwa kuwa fadhila ya mheshimiwa, na watu wakafunzwa kupigia makofi mali yao wenyewe. Sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya mwaka 2003 ilijaribu kuuzuia mtindo huo, lakini bahasha haikukoma.

Mtu anayetaka kuona tofauti kati ya mikono iliyotekwa na mikono iliyo huru na aitazame kazi ya Wangari Maathai. Tangu mwaka 1977 wanawake wa vijijini katika Ukanda wa Kijani walipanda miche na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliomea. Ilikuwa kazi ya jembe na kopo la maji, na wakubwa waliidharau. Lakini mwaka 1989, serikali ilipotaka kusimamisha jumba la orofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, sauti ya kupinga ilitoka huko huko. Wenye vuguvugu hilo walitukanwa Bungeni na wakafukuzwa ofisini mwao, wakahamishia kazi nyumbani kwa Maathai. Jumba halikujengwa. Miaka mitatu baadaye, tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani hiyo hiyo na kugoma kula. Walipopigwa na polisi walikimbilia Kanisa Kuu la All Saints, wakakaa humo karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipofunguliwa. Hawakuwa wabunge wala mawakili. Walikuwa wazazi waliokataa kuisamehe serikali deni lake.

Hapa yatupasa tuungame. Sisi wapenda-mageuzi tulikuwa na kosa letu. Tulidhani kazi ingekwisha siku kifungu cha 2A kitakapoondolewa, na kiliondolewa Desemba 1991. Tulidhani ingekwisha utawala wa miaka 24 wa Rais Moi utakapokoma, na ulikoma Desemba 2002. Wengine wetu tulikuwa wanafunzi wa chuo kikuu wakati huo, tukaimba barabarani hadi sauti zikakauka. Mapema mwaka 2003 abiria waliwakemea hadharani askari wa trafiki waliopokea hongo. Kisha tukarudi nyumbani. Baadhi ya viongozi wetu waliingia serikalini, nasi tukawaachia kila kitu kwa sababu walikuwa wenzetu. Kufikia mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing ilikuwa imefichuka. Hatukushindwa kwa kukosa viongozi wazuri peke yake. Tulishindwa kwa sababu tulimwachia mlinzi ghala, na hatukubaki na hata daftari la kuhesabia magunia.

Tuungame na la pili, ambalo ni zito zaidi kwa kuwa li karibu nasi. Katika kazi yetu ya uwakili tumewaona wanachama wa vikundi vya kuweka akiba wakifika mahakamani kushtakiana, na kisa ni kile kile kila mara: mhazini aliyeficha kitabu, mwenyekiti asiyeulizwa, kumbukumbu za mkutano zilizoandikwa baada ya ugomvi kuanza. Tulilaani urais wa miaka 24, na huku mwenyekiti wa kikundi chetu amekalia kiti kwa miaka ishirini. Twadai ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, na huku sadaka ya kujengea kanisa haijasomewa waumini tangu msingi uchimbwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Asiyeweza kumwuliza jirani yake kuhusu shilingi mia mbili, atampataje gavana kwa mamilioni?

Nini basi cha kufanya? Twapendekeza mambo matatu, na kila moja laweza kuanza wiki hii bila ruhusa ya mtu yeyote.

La kwanza ni kusafisha nyumba yetu. Kila chama, kila kamati ya maji, kila jumuiya ndogo ya Kikristo isome hesabu zake kwa sauti katika kila mkutano. Viongozi wawe na muhula wenye mwisho. Pesa zisitolewe benki kwa sahihi ya mtu mmoja. Hili si jambo dogo la makarani. Hapa ndipo raia hufunzwa uraia, na mtoto aliyemwona mamake akimwuliza mhazini swali bila kuogopa hatatishwa kwa urahisi na ving'ora vya mheshimiwa.

La pili ni kuikataa bahasha. Mkono mtupu haulambwi, wasema wanasiasa, nao wanajua kwamba mkono uliolambwa hauwezi kunyoosha kidole. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alipiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki katika harambee. Novemba mwaka huo huo yeye mwenyewe alitoa fedha katika kanisa Katoliki la Soweto jijini Nairobi. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza zirudishwe, nazo zilikuwa zaidi ya shilingi milioni mbili na nusu. Tunajua kuwa parokia ile ilikuwa na haja ya nyumba ya padre, na kwamba kukataa si rahisi paa linapovuja. Lakini mimbari inayojengwa kwa senti za waumini yaweza kusema kweli kwa mtu yeyote anayeingia mlangoni. Kujitegemea kwa kanisa ni sehemu ya mahubiri yake.

La tatu ndilo tunalolisisitiza kuliko yote. Tusijifanyie jambo lolote ambalo ni wajibu wa serikali bila kuidai hesabu ya jambo hilo. Vijana wakijaza shimo, waweke risiti ya changarawe. Akina mama wakinunua tangi, waandike bei yake na tarehe. Kisha barua iandikwe kwa kaunti: tumetumia kiasi hiki, je, kwa kazi hii zilitengwa fedha ngapi, na zilikwenda wapi? Kifungu cha 35 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya mwaka 2016 inaruhusu ombi hilo liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, haimlazimishi mwombaji kueleza sababu zake, na inamtaka afisa atoe uamuzi katika muda wa siku 21. Akikataa au akinyamaza, lipo lango la Tume ya Haki ya Utawala. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha; parokia moja yenye watu watatu waliosoma yaweza kuyapata, kuyafasiri kwa lugha ya nyumbani na kuyabandika ukutani mwa ukumbi.

Mtu asituambie kuwa watu wa kawaida hawawezi. Juni 2024 vijana wasio na chama wala kinara waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakaufasiri kwa lugha za makwao, wakachangishana kwa simu ili kuwatibu majeruhi, huku mawakili na madaktari wakijitolea. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo, siku moja baada ya vijana kupigwa risasi nje ya Bunge. Makumi ya Wakenya waliuawa katika maandamano ya majira yale. Vijana wale walijitegemea kwa kila kitu, lakini hawakuachana na serikali hata kidogo, na wengi walilipa kwa damu. Sisi tulio hai tutakuwa wadeni wao iwapo tutajifungia katika vyama vyetu na kusema siasa ni uchafu.

Wasomaji wetu wa kanisani wanakijua kitabu cha Nehemia. Ukuta wa Yerusalemu ulijengwa na watu wenyewe, wengi wao wakianzia mbele ya nyumba zao, huku wakiwa tayari kujilinda. Lakini kilio cha maskini waliokuwa wamepoteza mashamba kwa madeni kilipopanda, Nehemia hakuwaambia waendelee kubeba mawe wavumilie. Aliwaita wakubwa mbele ya mkutano, akawadai warudishe walichokichukua. Naye mwenyewe, akiwa liwali, alikataa posho ya uliwali kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Ujenzi na madai vilikwenda pamoja, wala hakuna kilichongoja kingine.

Basi na tujenge. Tuchimbe visima, tupande miti, tulipe karo za yatima, tuwatibu wagonjwa wetu. Lakini mkono mmoja ukishika mwiko, wa pili ushike daftari. Na kila jiwe tunaloliweka liandikwe: hili tumelilipia mara mbili, na malipo ya kwanza bado twayadai.