Nyuzi, Kumbukumbu na Kitenzi 'Kuimarisha': Maoni Kuhusu Istilahi za Polima

Atafutaye jina la Kiswahili la polima zibadilizo umbo huvutiwa upesi na kivumishi 'erevu'. Kwa maoni yetu, kivumishi hicho hakifai. Polima hizi hupashwa joto hadi zikalegea, hukunjwa, kisha hupozwa zingali zimeshikiliwa. Zikipashwa joto tena, hulirudia umbo la awali. Mipira inywealo juu ya maungio ya nyaya za umeme ni mfano wa miaka mingi. Hapo pana kumbukumbu, si werevu, na 'polima kumbukaumbo' ingetosha.

Utata mkubwa zaidi umo katika kitenzi 'kuimarisha'. Polima hizi peke yazo ni dhaifu: nguvu ya kurejea umbo aghalabu ni megapaskali chache, ilhali aloi ya nikeli na titani hufikia mamia. Ndiyo maana wahandisi huzitia nyuzi za kaboni au za kioo. Mwanafunzi akisoma 'polima iliyoimarishwa kwa nyuzi' atadhani kwamba kila sifa imeongezeka, na kwamba nyuzi zikizidi ndiyo bora. Sivyo hata kidogo. Uzi wa kaboni ukivutwa hukatika unaporefuka kwa takriban asilimia 2, ilhali baadhi ya polima tupu huweza kunyooshwa maradufu na kurudi. Kwa hiyo mseto huo hauvutwi kufuata nyuzi, bali hukunjwa. Nyuzi za upande wa ndani wa kunjo hujipinda vijiwimbi ndani ya polima iliyolainika. Kunjo likiwa kali mno, huvunjika. Tena uzi haukumbuki chochote. Hubeba mzigo, na ule wa kaboni, kwa kuwa hupitisha umeme, huweza pia kuipasha polima joto.

Mjenzi wa nyumba ya udongo amekwisha kulitatua jambo hili, ingawa sidhani kama aliwahi kualikwa kwenye warsha ya istilahi. Kwake fito ni kiunzi, na udongo hukandikwa. Kila kimoja kina jina lake na kazi yake. Tunapendekeza basi 'polima kumbukaumbo yenye kiunzi cha nyuzi'. Ni refu, tunakiri. Lakini msanifu wa bawaba ya kukunjulia paneli za jua za satelaiti ataweza kuuliza kwa Kiswahili: kiunzi kiwe kizito kiasi gani, nyuzi zilale upande gani, na polima ibakiwe na uhuru gani wa kujikunja?