Ng'ombe wa Ipogolo Naye Akatiwe Bima

Lori lipitalo Ipogolo, chini ya mlima wa mji wa Iringa, likielekea Tunduma au likirudi Dar es Salaam, halina budi kuwa na bima. Sheria yataka hivyo. Hatua chache kutoka barabara hiyo, katika mabanda yaliyo nyuma ya nyumba, wamo ng'ombe wa maziwa ambao ndio karo ya watoto na chumvi ya mboga, na wengi wao hawana bima yoyote. Lori likiungua, mwenyewe aliyekata bima kubwa hulipwa. Ng'ombe akifa kwa ndigana kali, mwenyewe huchimba shimo, kisha huendelea kulipa mkopo wa ng'ombe ambaye hayupo.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa haya ni mambo ya Bara peke yake. Mbung'o walipotokomezwa Unguja mwaka 1997, baada ya madume waliogumbishwa kwa mionzi kuachiwa kwa wingi msituni, wafugaji wa kisiwa hicho walipata moyo wa kuweka ng'ombe wa kisasa. Mbung'o amekwenda, lakini kupe yupo. Na mwenye ng'ombe mmoja, awe Kizimbani au Ipogolo, akimpoteza huyo amepoteza zizi zima.

Tuchukue mfano. Ng'ombe ana thamani ya shilingi milioni 2, na ada ya bima ni asilimia 5. Mfugaji atalipa shilingi 100,000 kwa mwaka. Ikiwa ng'ombe hutoa lita 10 kwa siku, na lita huuzwa shilingi 1,000, hayo ni maziwa ya siku kumi. Hatusemi kwamba fedha hizo ni kidogo kwa mtu wa kijijini. Twasema tu kwamba milioni 2 ni nyingi zaidi, nazo hudaiwa kwa siku moja.

Majirani zetu wa Kenya walianza mapema. Huko Marsabit, tangu mwaka 2010, iliuzwa bima inayopima ukame kwa picha za setilaiti: malisho yakikauka kupita kiasi, mfugaji hulipwa bila ya mtu kuhesabu mizoga. Mwaka 2015 Serikali yao ikaanza kuwalipia ada wafugaji maskini. Mpango huo ni mzuri kwa mwenye kuhamahama, lakini haumfai ng'ombe anayekatiwa majani bandani. Setilaiti haimwoni kupe. Huyu ahitaji bima ya mnyama mmoja mmoja, yenye cheti cha daktari wa mifugo na hereni sikioni, ili asije mtu akadai fidia ya ng'ombe wa jirani.

Hapa ndipo tunapowageukia maofisa wa Serikali. Kampuni za bima nchini ziliungana mwaka 2023 kubeba kwa pamoja hasara za kilimo na mifugo, na Juni 2025 kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ilizinduliwa Bariadi, mkoani Simiyu. Mambo hayo mawili yapasa kukutana. Ng'ombe aliyechanjwa na kuvishwa hereni amekwisha kutimiza nusu ya masharti ya bima. Nusu iliyobaki ni bwana mifugo afikaye kwa wakati, kwani mzoga hauwezi kusubiri karatasi siku tatu katika jua. Kata isiyo na mtaalamu haiwezi kuwa na bima ya mifugo, hata matangazo yakibandikwa kila mti.

Wako watakaouliza habari za mbwa na paka. Sweden mbwa wengi wana bima, na hapana anayecheka. Kwetu, mbwa alindaye ua Ipogolo aanze kwanza na chanjo ya kichaa cha mbwa. Bima yake itafuata. Punda akokotaye mkokoteni, huyo twamhesabu pamoja na ng'ombe, maana naye ndiye mshahara wa nyumba.

Kampuni za bima nazo zisikae mjini zikimngoja mfugaji apande mlima na fomu mkononi. Ziende asubuhi kwenye vituo vya kukusanyia maziwa, masharti yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, na ada ikatwe kidogo kidogo katika malipo ya maziwa. Mfugaji naye, kabla ya kutia sahihi, aulize jambo moja: ni magonjwa gani ambayo bima hii haiyalipii?