Ng'ombe wa Mumbuni si namba 46

Wadau, leo tunatoka kidogo kwenye habari za seva na lugha za programu. Au pengine hatutoki, maana shida ni ile ile ya kila siku: mtu kaweka namba ndani ya programu, hakuna aliyeijaribu, na sasa watu watalipwa kwa namba hiyo.

Juzi kampuni moja (sitaitaja) iliniletea kazi. Walitaka programu ya simu ya kuhesabu krediti za kaboni kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, kuanzia huku kwetu Machakos. Mfugaji anaandika ana ng'ombe wangapi na anawalisha nini, na programu inamwambia ni methani kiasi gani imetoka na ni kiasi gani amepunguza. Nikasoma maelezo ya kazi. Katikati kulikuwa na mstari mmoja tu: kila ng'ombe wa maziwa, kilo 46 za methani kwa mwaka. Nikauliza, namba hii imepimwa wapi? Wakasema ni ya kimataifa. Nikauliza tena, na mkishasema mfugaji amepunguza, mnathibitisha vipi? Wakasema kwa setilaiti.

Kazi sikuichukua. Lakini majibu hayo mawili nayasikia kila mahali siku hizi, kwa hiyo leo nayajibu.

Kwa wale ambao hawajafuatilia: methani ya ng'ombe haitoki sana nyuma kama watu wanavyotania. Inatengenezwa na vijidudu vilivyo katika tumbo la kwanza wakati vinavunjavunja nyasi, na sehemu kubwa hutoka mdomoni kwa mbweu. Yaani chanzo ni mdomo unaotembea, unaogeuka huku na huku, unaotoa gesi kidogo kidogo usiku na mchana. Kuipima hapo hapo inapotoka ni kazi ngumu, na ndiyo maana watu wanapenda kuikwepa kwa kutumia jedwali.

Sasa hiyo 46. Inatoka kwenye mwongozo wa IPCC wa mwaka 2006. Ukifungua jedwali lenyewe utaona mstari unaosema Afrika na Mashariki ya Kati, kwa pamoja. Ng'ombe wa Mumbuni anayekula nepia na mabua ya mahindi yuko kapu moja na ng'ombe wa Saudia. Halafu mwaka 2019 IPCC hao hao wakautengeneza upya mwongozo, Afrika ikapewa mstari wake, na ng'ombe wa maziwa akapanda hadi wastani wa kilo 76. Kutoka 46 hadi 76! Hiyo ni nyongeza ya asilimia 65, na ng'ombe hakubadilisha hata kamba. Ukizidisha kwa 28 ili upate kaboni dayoksaidi, tofauti kati ya toleo moja na jingine ni kilo 840 kwa ng'ombe mmoja kwa mwaka. Pesa ya mfugaji inategemea aliyeandika programu alipakua toleo lipi.

IPCC wenyewe siwalaumu. Namba zile ziliwekwa ili nchi isiyo na vipimo vyake iweze kukadiria jumla ya nchi nzima. Hakuna aliyesema uzitumie kumlipa mtu mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba. Anayezitumia hivyo ndiye wa kulaumiwa.

Najua mtu atasema, "Wewe kijana, siku hizi tunatumia daraja la pili." Haya, tuliangalie. Daraja la pili unachukua nishati ya chakula anachokula ng'ombe kwa siku, unazidisha kwa asilimia inayogeuka methani, kisha unagawa kwa 55.65, ambayo ni megajuli zilizomo katika kilo moja ya methani. Mwongozo wa 2006 unasema asilimia hiyo ni 6.5, kuongeza au kupunguza 1. Piga hesabu ya ng'ombe anayekula megajuli 150 kwa siku: ni kilo 64 kwa mwaka. Ukitumia 5.5 ni kilo 54. Ukitumia 7.5 ni kilo 74. Kwa hiyo ile fomyula inayoonekana ya kisayansi bado ina namba moja ya kuazima katikati, na jibu linayumba kwa kilo 20 kabla hujakosea kitu kingine chochote.

Watu wa kituo cha Mazingira, pale ILRI Nairobi, walifanya kazi ya kuheshimika huko Nyando. Walienda kwa wafugaji wenyewe msimu baada ya msimu, wakapima uzito wa ng'ombe, maziwa, umbali anaotembea na ubora wa malisho. Matokeo yakatoka 2018. Hapo ndipo utaona jinsi ng'ombe halisi wa Kenya anavyopoteza uzito wakati wa kiangazi, jambo ambalo jedwali halilijui. Lakini hata wao, hatua ya mwisho ya kugeuza chakula kuwa gesi iliwabidi watumie uwiano uliotokana na ng'ombe wa Australia. Si kosa lao, ndicho kilichokuwepo. Ila sisi tunaouza programu tusijifanye hatujui.

Setilaiti sasa. Hapa ndipo watu wanadanganywa mchana kweupe.

Sentinel-5P, ile ya Ulaya iliyorushwa Oktoba 2017, inapima methani kwa vipande vya takriban kilomita 5.5 kwa 7. Kipande kimoja chaweza kumeza Mumbuni, mji wa Machakos na jalala lake pamoja. Zipo nyingine zenye macho makali zaidi, za kutafuta chanzo kimoja kimoja. Mwaka 2021 watafiti wa Stanford walizijaribu katika jangwa la Arizona kwa njia ninayoipenda sana: walifungulia methani kiasi wanachokijua wao, na wenye setilaiti hawakuambiwa ni kiasi gani. Kiwango kidogo kabisa kilichoonekana kilikuwa kama kilo 200 kwa saa. Na robo tatu ya makadirio ndiyo yaliyoangukia ndani ya asilimia 50, juu au chini, ya ukweli. Nawapa heshima zao, walikubali kujaribiwa hadharani. Lakini tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 60 kwa mwaka anatoa gramu 7 hivi kwa saa. Kilo 200 kwa saa ni ng'ombe kama 29,000 wamesimama mahali pamoja. Jirani yangu ana wawili.

Huyo jirani, mama wa makamo, ameshatia sahihi fomu ya mradi mmoja. Kila tukikutana ananiuliza, "Mwana wakwa, hiyo pesa ya pumzi ya ng'ombe inakuja lini?" Nami sina la kumjibu zaidi ya, "Mwaitu, waulize waliipima vipi."

Na swali hilo si la kisomi. Nenda soko la Machakos uangalie mizani ya mwuza nyama. Ina muhuri. Afisa wa vipimo na mizani anakuja na jiwe ambalo uzito wake unajulikana, analiweka, anasoma. Jiwe likiwa kilo 5 na mizani ikasema 5.4, hakuna muhuri. Pampu ya petroli nayo inamiminwa kwenye chombo ambacho ujazo wake unajulikana. Tuna sheria kabisa, Sura ya 513. Kilo moja ya matumbo inalindwa na serikali, lakini tani ya methani inayouzwa kwa dola haina jiwe.

Na jiwe lipo! Chumba cha kupimia pumzi za ng'ombe kinajaribiwa hivi: kabla ng'ombe hajaingia, unafungulia methani kutoka kwenye mtungi uliopimwa uzito. Umetoa gramu 100, chombo kikasoma 98, endelea. Kikasoma 70, chumba kinavuja, funga kazi urekebishe. Kwa waundaji wa programu hii ni lugha ya nyumbani: unampa programu swali ambalo jibu lake unalo. Mbinu ya SF6 ni ya werevu zaidi, inabeba jaribio lake tumboni. Kijibomba kidogo kinawekwa ndani ya ng'ombe kikivuja gesi hiyo kwa kasi iliyopimwa kabla, kichupa shingoni kinakusanya hewa, na kutokana na uwiano wa gesi mbili unapata methani. (SF6 yenyewe inapasha dunia joto mara zaidi ya 20,000 kuliko kaboni dayoksaidi, kwa hiyo usimwage ovyo.) Kila mbinu ina kasoro. Ng'ombe aliyefungiwa chumbani hali kama anavyokula nyumbani. Lakini kasoro hizo zinajulikana kwa sababu mtu alijaribu.

Ninachotaka ni kidogo. Tuchukue banda la kawaida, tuweke mtungi wa methani kwenye mizani, tuufungulie gramu 7 kwa saa, kisha 14, kisha tuufunge kabisa bila kumwambia mtu. Kila mwenye kifaa, programu au setilaiti anayetaka kuwauzia wafugaji wa Machakos aje apime bila kujua. KALRO Katumani iko hapa hapa, kibanda hakitakosekana. Majibu yote, pamoja na data ghafi na msimbo, yawekwe wazi kama programu huria. Mtambo wa bayogesi nao uingie, maana katika krediti zake uvujaji mara nyingi hukadiriwa tu kwa namba ya jedwali, na mtu mwenye povu la sabuni anaweza kukuonyesha unavuja wapi kwa dakika tano.

Wataniambia ni ghali. Mtungi mmoja na mizani? Kutengeneza ile programu walikuwa tayari kulipia miezi minne.

Na kuna haraka. Sheria ya mabadiliko ya tabianchi ilirekebishwa 2023, kanuni za soko la kaboni zikafuata 2024. Kwa miradi ya ardhi ya umma na ya jamii, jamii imewekewa fungu lake la mapato, asilimia 40 kwa miradi inayotegemea ardhi. Mwenye shamba lake binafsi kama jirani yangu analindwa na karatasi aliyotia sahihi tu. Katika kanuni hizo ningeongeza kifungu kimoja: mbinu ya kupima ambayo haijawahi kupewa kiasi kinachojulikana na kukirudisha, isitumike kumlipa wala kumkata mtu.

Mwenye kifaa aniandikie. Ratiba ya jaribio nimeshaiandika, kurasa tatu, na nitamtumia yeyote atakayeomba, hata ile kampuni.