Mlima ukiungua, kijana wa Manzese utakunywa majivu

Ndugu yangu kijana wa Manzese, Tandale, Buguruni na Vingunguti, leo weka kando hilo bao la drafti kwa dakika kumi. Usiniambie kwamba moto wa porini ni habari ya watu wa shamba, wewe ni mtoto wa mjini. Nisikilize kwanza, halafu ukitaka kunitukana, nitukane.

Asubuhi uliponawa uso, yale maji yalitoka wapi? Kama ni ya bomba, au ya dumu ulilonunua kwa muuza maji aliyelichota bombani, kuna uwezekano mkubwa kwamba yametoka mto Ruvu. Na Ruvu nao umetoka wapi? Umeanzia milima ya Uluguru, mkoani Morogoro. Kule juu ndiko liliko tangi lako, bwana mjini. Halina bati wala saruji. Limejengwa kwa miti, kuvumviko, majani yaliyooza na udongo laini.

Mvua ikinyesha juu ya msitu wa mlimani, hautiririki mafuriko siku hiyo hiyo. Majani yanapunguza makali ya matone, ukungu unanaswa kwenye matawi, udongo unakunywa, halafu unatoa maji kidogo kidogo hadi kiangazi. Choma huo msitu uone. Mvua ya kwanza itashuka na udongo wote, mto utageuka rangi ya chai ya maziwa, mitambo itasongwa na tope, na kiangazi kikija mto utakonda kama ng'ombe wa ukame.

Oktoba 2022 Dar es Salaam iliingia kwenye mgawo wa maji kwa sababu Ruvu ulikuwa umepungua. Tusidanganyane: sababu kubwa mwaka ule ilikuwa ukame, si moto. Lakini ukame na moto ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja anakausha kuni, mwenzake anakuja na kiberiti. Na mlima uliopoteza msitu wake hauna akiba ya kukuvusha mwaka mbaya.

Sasa tupande kaskazini. Tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, kwenye njia ya wapandaji kati ya Mandara na Horombo. TANAPA ilieleza wakati ule kwamba chanzo kilikuwa moto uliowashwa na wapagazi kupasha chakula. Wapagazi ni nani? Ni vijana wa rika lako. Moshi wanawaita wagumu. Wanabeba mizigo ya watalii mgongoni na kichwani kuelekea kilele cha mita 5,895. Moto wa kupasha wali ukala zaidi ya kilomita za mraba 95 za mlima.

Na nani alipanda kuuzima? Askari wa hifadhi walikuwepo, zimamoto walikuwepo, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka walikuwepo. Lakini pamoja nao walipanda mamia ya watu wa kujitolea, wanakijiji wa kandokando ya mlima, wenye mapanga, majembe na matawi ya miti mkononi. Walipiga moto kama wanaopiga nyoka. Walilala kwenye baridi. Kazi ile ilichukua zaidi ya wiki.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, mlima ule ule ukawaka tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga. Mwezi ule ule wa Oktoba! Moto hauna kalenda ya siri. Unakuja kiangazi kikiwa kimekomaa, nyasi zimekauka na upepo umepanda. Kama mgeni huyu anajulikana mwezi wake wa kufika, kwa nini kila mara anatukuta tunatafuta viatu?

Watu wa mijini tumelishwa picha moja tu ya zimamoto: gari jekundu, king'ora, bomba refu, na kelele za wananchi kwamba gari limefika halina maji. Tangu sheria ya mwaka 2007, tunalo Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na namba yake ya dharura ni 114. Ihifadhi kwenye simu yako sasa hivi. Lakini jiulize: gari jekundu litapandaje mteremko wa Uluguru ambako hata punda anafikiria mara mbili? Kijijini kuliko mbali na lami, mzima moto wa kwanza ni jirani. Ukimkosa huyo, huna zimamoto.

Kwa hiyo swali la kuwauliza wakubwa linazidi "magari mangapi yamenunuliwa". Waulizwe: huyo jirani amefundishwa nini, amepewa nini, na nani alimtembelea kabla ya kiangazi?

Niliwahi kukaa kwenye mkutano mmoja wa kijiji, siutaji. Shangingi lilikuja, wakashuka mabwana watatu na bango. Wakaonyesha mtungi mwekundu wa kuzimia moto, namna ya kuchomoa pini na kubonyeza. Kijiji kizima hakikuwa na mtungi hata mmoja. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, moto ukitoka bondeni huko na upepo ukielekea huku, tukimbilie wapi?" Yule bwana akamjibu kwamba muda umekwisha, maswali yaandikwe. Zikagawiwa fulana, watu wakasaini karatasi ya mahudhurio, shangingi likaondoka na vumbi. Hiyo ndiyo iliitwa elimu kwa umma. Mimi naiita changa la macho.

Najua kuna msomi wa kijiweni atakayesema: "Wanakijiji wenyewe ndio wachomaji." Ni kweli, moto mwingi wa porini katika nchi yetu unatokana na mkono wa mtu. Mkulima anasafisha shamba kabla ya mvua. Mrina asali anafukuza nyuki kwa mwenge. Mchoma mkaa anaacha tanuri bila mlinzi. Mfugaji anataka majani mabichi. Mwindaji anafukuza mnyama. Na wewe abiria wa basi, unayerusha kichungi cha sigara dirishani, unajiweka kundi gani? Au nyasi za pembeni mwa barabara zinajua kwamba sigara hiyo ni ya mtu wa mjini?

Lakini kusema wachomaji ni wajinga ni uvivu wa kufikiri. Yule mkulima anao moto kwa sababu hana trekta. Wazee wake walijua kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi, jioni upepo ukiwa umelala, majirani wakiwa wamejipanga pembeni. Anachokosa ni mtu wa kukaa naye na kupanga, badala ya mtu wa kumtisha. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima kuhusu moto. Ni wangapi kijijini waliosomewa kwa lugha wanayoielewa kabla ya kukamatwa nayo? Ukimfundisha mtu kwa pingu, siku moto utakapomponyoka hatapiga yowe. Atakimbia ajifiche, na dakika ambazo moto ungezimwa kwa matawi matatu zitapotea.

Wala msidhani utajiri unatosha. Jimbo la Victoria kule Australia lina magari, redio na ndege. Tarehe 7 Februari 2009 moto uliua watu 173 kwa mkupuo. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameambiwa wajiandae, kisha wachague: ondoka mapema au baki uitetee nyumba yako. Wengi walisubiri waone kwanza, na wengi walifia majumbani mwao. Serikali iliunda tume, ushauri ukabadilishwa, na msisitizo ukawekwa kwamba siku mbaya kuliko zote, kuondoka mapema ndiyo salama. Agosti 2023, mji wa Lahaina huko Hawaii uliteketea na watu wapatao 100 wakafa. Ving'ora vya tahadhari vilikuwepo, havikulizwa. Ya nini king'ora kisicholia?

Lakini kuna jambo jema la kuiga kwa hao wenzetu. Zimamoto wa vijijini huko Australia ni watu wa kujitolea kwa sehemu kubwa kabisa: wakulima, mafundi, walimu. Jimbo la New South Wales peke yake lina zaidi ya 70,000. Chile ndiyo kabisa, wazima moto ni wa kujitolea nchi nzima. Watu hao hawaitwi siku ya moto tu. Wanafanya mazoezi, wanazungukia nyumba kwa nyumba, wanamwonyesha mama mwenye nyumba nyasi za kufyeka na njia ya kutokea.

Utasema sisi hatuna utamaduni huo. Ala! Sungusungu ilitoka wapi? Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Wasukuma na Wanyamwezi walichoshwa na wezi wa ng'ombe. Hawakungoja semina. Yowe likipigwa, kila mwanaume anatoka, na kila mmoja anajua nafasi yake. Tuchukue yowe hilo hilo tulielekeze kwenye moto, bila yale mapungufu ya kujichukulia sheria mkononi. Kila kijiji kinachopakana na msitu kiwe na kikosi cha vijana 20, wenye majembe, mapanga, reki, filimbi, buti za ngozi na maji ya kunywa. Zimamoto wa wilaya na bwana misitu wawatembelee kabla ya kiangazi, wapite nao mguu kwa mguu, wachore ramani chini kwa kijiti: maji haya hapa, njia ya kuzuia moto ipite hapa, wazee na watoto wakimbilie pale. Kila mtu anayetaka kuchoma shamba aseme siku na saa, na kikosi kisimame naye.

Msiniambie fedha hazipo. Vyama vyote, cha kwenu na cha kwetu, vinaweza kufikisha kofia na fulana hadi kitongoji cha mwisho wakati wa uchaguzi. Filimbi ni nzito kuliko fulana?

Sasa nakupa wewe yako, kwa sababu ukirudi kwenu likizo unaweza kukutana na huyu mnyama. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoteremka. Mteremko ukiongezeka nyuzi 10, kasi yake huweza kufika mara mbili. Kwa hiyo usimkimbie kwa kupanda mlima, hata uwe na mapafu ya Filbert Bayi. Kimbilia pembeni, kwenye ardhi tupu, mtoni, au sehemu iliyokwisha kuungua. Pale penye majivu hakuna tena cha kula.

Ukiitwa kuzima, usiende na suruali ya nailoni, inayeyuka kwenye ngozi. Vaa pamba, funga viatu, funika pua kwa kitambaa. Msiende kila mtu kivyake. Mmoja abaki juu ya mwinuko akiangalia upepo, na akipiga filimbi wote mnatoka bila ubishi. Ushambulieni moto ubavuni mkianzia nyuma yake, msisimame mbele yake kama golikipa. Moto ukizidi kimo cha kifua chako, acheni ushujaa. Rudini nyuma, mlime ukanda wa ardhi tupu na mwite msaada. Ukizimika, msiondoke. Shika ardhi kwa mgongo wa kiganja, fukua magogo, kwa sababu kaa moja lililojificha linaweza kusubiri upepo wa kesho.

Na nyumba ya bibi yako yenye paa la nyasi, ifyekee uwanja kuizunguka. Sogeza lundo la kuni mbali na ukuta. Kazi ya asubuhi moja hiyo, haihitaji mfadhili.

Najua wewe una shida zako. Kazi hakuna, kodi ya chumba inakaribia, na mimi nakuletea habari za nyasi. Lakini angalia hesabu ilivyokaa. Mwaka 2005 mtafiti wa Kijerumani, Andreas Hemp, aliandika kwamba maji yanayopotea Kilimanjaro kwa kuungua misitu ya juu ni mengi kuliko yanayoletwa na barafu yote ile inayopigwa picha. Dunia nzima inalilia theluji, msitu unaungua hakuna anayeulilia. Na mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Hale, unakunywa kutoka mlima huo. Umeme ukikatika saluni yako ya kunyoa inafungwa, na maji yakikatika bei ya dumu inapanda. Mwenye tangi la lita 10,000 nyuma ya geti hatasikia. Utasikia wewe.

Basi mgombea akija tena kijiweni na maneno matamu, iwe wa chama tawala au wa upinzani, muulize swali moja ambalo hakulitegemea: "Kijiji cha juu ya mto wangu kina kikosi cha moto, au kina fulana?" Akicheka, mjue hajui maji yake yanatoka wapi.