Mwenye Weusi Asiombe Sare

Katika sataranji mwenye kete nyeupe ndiye atanguliaye kucheza, na kutangulia huko ndio mtaji wake mkubwa. Basi akiamua kuuweka mtaji huo akiba, akajipanga kwa utaratibu ule ule kila siku pasipo kumjali aliyeketi mbele yake, nina yakini kwamba mwenye weusi ana haki, tena ana wajibu, wa kushika hatamu za mchezo.

Ninaukusudia mpango wa London, uliopata jina lake katika mashindano ya mji huo mwaka 1922, aliyoyashinda Capablanca. Kitunda cha malkia hukaa d4, farasi f3, na askofu hutoka hadi f4 kabla kitunda cha e3 hakijamfungia njia. Baada ya hapo mwenyewe hutulia, akangoja. Wala simdharau anayeutumia, kwani Ding Liren aliutumia huko Astana mwaka 2023, katika mchezo wa 6 wa kuwania ubingwa wa dunia, akamshinda Nepomniachtchi. Hata mabingwa wa Baghdad katika zama za Bani Abbas, akina as-Suli, walikuwa na mipango yao ya kutandaza jeshi kwa utulivu. Lakini wakati huo pahala pa malkia palikuwa na waziri asiyevuka zaidi ya nyumba moja kwa mshazari, na vita vilichelewa kuanza. Tangu malkia na askofu walipopewa mbio huko Ulaya mwishoni mwa karne ya 15, wasaa huo umepungua sana.

Jawabu ninalolipendelea ni Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, ambao akina Bronstein na Boleslavsky waliufanya silaha kali katika miaka ya 1940. Farasi husimama f6, askofu hujificha g7 nyuma ya kitunda cha g6, kitunda kingine hukaa d6, na mfalme huhamishiwa pembeni penye amani. Mweupe naye aghalabu hupoteza zamu kwa kusukuma h3, ili askofu wake apate pa kukimbilia. Hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kusukuma c5 na kumpeleka malkia b6, aitishe nyumba ya b2 iliyopoteza mlinzi tangu askofu alipotoka c1. Ya pili, ambayo moyo wangu unaielekea zaidi, ni kuiandaa e5 kwa subira, farasi wa pili akikaa d7 na malkia e8, kisha kuisukuma: askofu hana budi kurudi h2, na huko hubaki akiutazama ukuta wa vitunda vya e5 na d6, hali weusi wanajiandaa kusukuma f5 kumwelekea mfalme wake. Anayeisukuma e5 kwa pupa, kabla ya maandalizi hayo, hujitafutia hasara mwenyewe.

Iko hoja kwamba ulinzi huu ni wa hatari, na kwamba Kasparov mwenyewe aliuacha baada ya kuadhibiwa na Kramnik katika miaka ya 1990. Ni kweli, walakini Kramnik aliteka uwanja wa kati kwa vitunda vya c4, d4 na e4, akashambulia upande wa malkia bila kuchelewa, na mcheza London hafanyi hayo.

Atakaye kuona jinsi wakati unavyolipiza kisasi na autazame mchezo wa New York wa mwaka 1956, ingawa ufunguzi wake ni mwingine. Donald Byrne alimweka askofu f4, kisha akamtembeza tena hadi g5 hali mfalme wake angali katikati. Bobby Fischer, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa na weusi, akamtoa farasi wake a4 mbele ya macho ya watu, akaacha malkia wake aliwe, na katika hatua ya 41 akamfunga mfalme.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa sataranji, hasa wale wanaowausia vijana kwamba mwenye weusi atosheke na sare: wafundisheni kuiandaa e5 vizuri, na ikiisha kuandaliwa, msiwazuie kuisukuma.